Fomu za kung fu zina kazi gani ukikutana na mtu anayepiga kweli? Tulijadili kwa kina

Mzizi_Imara (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mada hii imeguswa mara nyingi na kila mara inaishia kwenye kurushiana maneno, kwa hiyo nimeona niipe uzi wake. Fomu za kung fu, ile mifuatano ya mikono, hatua na mateke ambayo mwanafunzi huirudia peke yake hewani, zinamsaidia mtu siku anaporushiwa ngumi na mtu mwenye hasira?

Nimelelewa kwenye fomu na mpaka leo ninazifanya. Pia nimecheza sana sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, na watu wa ndondi na wa mieleka, watu ambao hawajui fomu hata moja. Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kunipinga ajue anapinga nini: fomu ni ghala. Waasisi wa mtindo waliweka humo mbinu zao, namna ya kusimama na namna ya kutoa nguvu, visipotee kizazi hadi kizazi. Lakini hata ghala lijae vipi, usipotoa kitu ukakipika utalala na njaa. Mtu mwenye fomu kumi ambaye hajawahi kuchomoa kipande kimoja akakijaribu kwa mwenzake anayekataa kuangushwa, huyo amekariri mbinu. Kupigana bado hajaanza kujifunza.

Wengi wanadhani ubishi huu umeletwa na MMA, mapigano ya ulingoni yanayochanganya mitindo. Sivyo. Jenerali Qi Jiguang, aliyezaliwa 1528 na kufariki 1588, alipigana na maharamia kwenye pwani ya China wakati wa utawala wa Ming. Katika kitabu chake cha kufundishia askari aliingiza mikao 32 ya ngumi aliyoichambua kutoka mitindo ya zama zake. Na humo humo akaandika kwamba mapigano ya mikono mitupu hayaonekani kuwa na kazi kubwa vitani, ila yanazoesha viungo na ndiyo mlango wa anayeanza kujifunza silaha. Aliwakemea pia waliofundisha miondoko ya kufurahisha macho isiyomfaa askari mbele ya adui. Hayo yalisemwa miaka zaidi ya 400 iliyopita na mtu ambaye mafunzo mabovu yangemmalizia jeshi. Hakuwa adui wa mazoezi ya peke yako. Alitaka kila kitu kiwekwe mahali pake.

Sasa fomu inakupa nini hasa? Chukua mwendo mmoja wa taiji, mtindo wa Kichina wa miondoko ya polepole, ambao karibu kila mtu amewahi kuuona, ule wa Kugawa Manyoya ya Farasi Mwitu. Kwa mbali unaona mtu anapiga hatua mbele, mkono mmoja unapanda kiganja kikitazama juu, mwingine unashuka hadi ubavuni. Unapendeza, na kama hujaelezwa utasema hauna kazi.

Simama na mwenzako mkiwa karibu mpaka mnasikiana pumzi. Mkono wako wa kulia umemkamata kifundo cha mkono wake wa kulia na unakivuta chini kuelekea nyonga yako. Mguu wako wa kushoto umepita nyuma ya mguu wake wa kulia, paja lako limegusa paja lake kwa nyuma. Mkono wako wa kushoto umepenya chini ya kwapa lake na kumkatiza kifua. Ukigeuza kiuno hapo, anakwenda chali juu ya paja lako. Ule mkono uliokuwa unashuka ubavuni, ambao ulidhani ni pambo, ndio uliomnyima nafasi ya kurudi nyuma. Ukiuacha mtupu, anapiga hatua moja nyuma na kazi yako yote imekwisha.

Kitu ambacho fomu imekifanyia kazi hapo ni mguu kutua, kiuno kugeuka na mkono kufika kwa wakati mmoja. Kiuno kikitangulia kabla mguu haujatua, utakuwa unamsukuma kwa bega, na mtu mzito hasukumwi kwa bega. Kuweka uratibu huo mwilini kunahitaji kurudia polepole, bila mtu wa kukubughudhi, mara nyingi sana. Hiyo ndiyo thamani ya fomu na sitaki mtu aidharau.

Jambo la pili linalochekwa sana ni ngumi inayorudishwa kiunoni. Mtu wa ndondi akiiona anauliza: na kidevu umemwachia nani? Ana haki ya kuuliza. Mkono ule una maana ukiwa umeshika kitu: kifundo, mkono wa shati, shingo. Unavuta huku mwingine unapiga. Kama haujashika chochote, mahali pake ni juu, kwenye kidevu. Mwalimu anayemwacha mwanafunzi aingie sparingi mkono ukiwa kiunoni mtupu anamwumiza kwa makusudi.

Mikao nayo imeeleweka vibaya. Mkao wa farasi (miguu imepanuliwa, magoti yamekunjwa) na mkao wa upinde (goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka) si namna ya kusimama ukimsubiri adui. Ni picha ya nukta moja ambapo uzito unahama. Unapita hapo, hukai.

Tuje kwenye kile ambacho fomu haiwezi kukupa hata uirudie mpaka uzeeni. Ndani ya fomu unajua kinachofuata. Ndani ya pambano hujui. Umbali unabadilika kila unapopepesa jicho, na huyo aliye mbele yako naye anafikiri. Mwaka 1952 mtafiti William Edmund Hick alionyesha kwamba kadiri machaguo yanavyoongezeka, ndivyo mtu anavyochelewa kuitikia. Fikiria hilo kwa upande wa mtu aliyekariri miondoko 200 na hajaichuja. Anayejua minne aliyoizoea kwa watu atamfikia kwanza. Hata kuitikia taa tu inapowaka, ukijua kabisa itawaka, kunachukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Ngumi ya haraka haikupi zaidi ya hapo. Ndiyo maana mpiganaji mzoefu haitazami ngumi, anasoma bega, nyonga na mguu kabla ngumi haijatoka. Kusoma huko unafundishwa na watu tu. Hewa haina bega.

Walimu wa zamani walilijua hili. Mpangilio wao ulikuwa na ngazi: fomu, kisha mazoezi ya kujenga nguvu, kisha kuchambua mbinu na mwenzako, kisha kupigana kwa uhuru. Kuna msemo wa Kichina kwamba anayefanya fomu bila kujenga uwezo wa mwili, akifika uzeeni hukuta mikono mitupu. Ngazi ya tatu, ile ya kuchambua na mwenzako, ndiyo iliyong'olewa katika vyumba vingi vya mazoezi. Mwanafunzi anatolewa kwenye fomu anarushwa moja kwa moja kwenye sparingi, anapigwa, anaanza kurusha mikono ovyo kama mtu yeyote, kisha wote wanahitimisha kwamba fomu ni uongo.

Karibuni.

---

Teke_la_Chini

Mkuu, umeandika vizuri na nimesoma yote, ila unaipendelea fomu. Aprili 2017 pale Chengdu, Xu Xiaodong, kocha wa MMA, alikutana na Wei Lei wa taiji. Halikufika hata nusu dakika, mtu yuko chini anapigwa. Sasa hilo ghala lilikuwa wapi siku hiyo?

---

Mzizi_Imara

Teke_la_Chini, swali la haki kabisa.

Ile video nimeitazama kwa makini. Angalia miguu kuliko mikono. Xu anapoingia, Wei Lei anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka huku mikono imetangulia mbele, anapoteza miguu, anaanguka. Mtu anayerudi nyuma hivyo hajazoea kuingiliwa na mtu mwenye nia ya kumwumiza. Hakuna fomu ya mtindo wowote duniani ambayo ingemwokoa, na hakuna fomu iliyomponza. Alichokosa ni saa nyingi za kuingiliwa.

Lakini nikupe mfano wa zamani ambao naona unafundisha zaidi. Januari 1954, Macau, Wu Gongyi wa taiji na Chan Hak-fu wa mtindo wa Korongo Mweupe walipanda ulingoni mbele ya umati mkubwa, katika hafla ya kuchangia waathirika wa moto uliotokea Hong Kong. Wote wawili walikuwa walimu wenye jina. Pambano lilirekodiwa. Raundi mbili, pua ya Chan ikatoka damu, waamuzi wakasimamisha bila kumtangaza mshindi. Ukiitazama utaona mikono mipana inayozunguka, vichwa vimevutwa nyuma, hatua za kurukiana na kukimbiana. Mikao ya mitindo yao inaonekana kwa nadra sana.

Hawa hawakuwa watu wa maonyesho. Walikuwa wamebobea kwenye mitindo yao, na bado presha ilipokuja ilifuta sehemu kubwa ya kile walichokirudia peke yao. Mwili ukishtuka unarudi kwenye kile ulichokifanya ukiwa umeshtuka. Kama hujawahi kukifanya ukiwa umeshtuka, hakipo.

---

Mwana_Judo

Naunga mkono hoja, na niongeze ya upande wetu. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 alikuwa na urithi wa jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani, uliojaa kata, yaani fomu za Kijapani. Hakuzitupa. Alichofanya ni kuipa randori nafasi kubwa, yaani mazoezi ya kukamatana kwa uhuru ambapo mwenzako anakataa kwa nguvu zake zote. Mbinu ambazo zingemvunja mwenzako akazihifadhi ndani ya kata, na zile ambazo mtu anaweza kuangushwa nazo akainuka akaendelea akaziweka kwenye randori.

Matokeo yake yanashangaza watu: mwenye mbinu chache zisizo hatari sana, lakini anazifanya kila siku kwa mtu anayepinga, anamshinda mwenye mbinu za kuua ambazo hajawahi kumfanyia mtu yeyote kwa nguvu kamili. Anayesema "mbinu zetu ni hatari mno kufanyiwa mazoezi" anakiri kwamba hajazizoea.

---

Mzizi_Imara

Mwana_Judo, hapo kwenye sentensi ya mwisho umenigusa. Nimeisikia kauli hiyo kwenye vyumba vingi vya kung fu na kila mara inatumika kufunga mjadala. Kidole cha jichoni kinahitaji umbali, muda na mkono ulio huru, vitu vile vile inavyohitaji ngumi ya kawaida. Kama huwezi kumgusa mtu paji la uso kwa kiganja anapokukwepa, jicho lake hutalipata.

---

Kiganja_Wazi

Habari za humu. Mimi ni wa Wing Chun, mtindo wa kung fu wa mapigano ya karibu, na naomba nitetee kitu ambacho mleta uzi amekipita haraka, kwamba fomu si zote zinafanana.

Siu Nim Tao, fomu yetu ya kwanza, unaifanya umesimama mahali pamoja, miguu haihami kabisa mwanzo hadi mwisho. Anayetazama kwa jicho la mapigano anasema huu ni upuuzi, nani anapigana kasimama? Lakini fomu ile haifundishi kupigana, inafundisha kiwiko. Kiwiko kikae mbele ya mbavu, kama ngumi moja kutoka mwilini, kisitoke nje hata mkono ukisukumwa. Nikikusukuma mkono na kiwiko chako kikafunguka, kifua kiko wazi. Kikikaa, nguvu yangu inashuka miguuni kwako na mimi ndiye ninayesogea. Unaweza kulijaribu hilo na mtu yeyote.

Ip Man, mwalimu maarufu wa Wing Chun aliyefariki 1972, alifundisha fomu tatu tu za mikono, pamoja na ya mti wa mazoezi na silaha mbili. Muda mwingi uliobaki ulikuwa chi sao, mikono imegusana, mnatafutana. Na miaka ya 1950 wanafunzi wake pale Hong Kong walikuwa wakipambana na watu wa shule nyingine kwenye mapaa ya majengo, Wong Shun Leung akiwa maarufu kuliko wote. Kwa hiyo mtindo ulikuwa na fomu fupi, kugusana kwingi, na mapambano. Waliochukua fomu peke yake wakaacha hivyo viwili wasimlaumu mtindo.

Ila na mimi nikiri kwa upande wetu: chi sao nayo imegeuzwa mchezo. Watu wanaanza mikono ikiwa tayari imegusana, na pambano haliko hivyo. Kuvuka ule umbali wa kwanza, kabla hamjagusana, ndiko wengi wetu tunapopigwa.

---

Mzizi_Imara

Dada Kiganja_Wazi, nashukuru sana, umesema vizuri kuliko mimi. Kiwiko ni mfano safi wa kitu ambacho ukitaka kukijenga katikati ya sparingi hutakijenga. Kinahitaji utulivu kwanza.

Na upande wangu kuna xingyi, mtindo mwingine wa Kichina, ambao msingi wake ni ngumi tano tu, kila moja unairudia kwa mstari mbele na nyuma. Ukifanya beng, ngumi ya moja kwa moja, mguu wa nyuma unausukuma mwili mbele na ngumi inafika mguu unapotua. Guo Yunshen, bingwa wa xingyi wa zamani, alijulikana kwa ngumi hiyo moja. Fomu za namna hii ziko karibu sana na mtu wa ndondi anayepiga kivuli.

---

Teke_la_Chini

Sawa, nimeelewa. Lakini bado hujanijibu hili. Bruce Lee aliachana na fomu. China yenyewe ilipotaka wapiganaji wa ulingoni ikaunda sanda, mchezo wa ngumi, mateke na kuangushana, na vijana wa sanda wanapiga begi, padi na sparingi, hawana habari na fomu ndefu. Kama ghala lina thamani hiyo, mbona wanaoshinda hawaliingii?

---

Mzizi_Imara

Hapa sitazunguka. Kama lengo lako ni kushinda ulingoni kwa muda mfupi iwezekanavyo, huhitaji fomu ndefu. Sanda ilianza kujaribiwa rasmi 1979 na imethibitisha hilo. Kwenye wushu ya mashindano, yaani kung fu ya kimichezo, mtu wa fomu na mtu wa sanda wanaweza kuvaa bendera moja na mazoezi yao yasifanane kabisa. Fomu za mashindano zinapimwa kwa miruko, usahihi na uzuri, na mwanariadha anajenga kile anachopimwa nacho. Siwadharau, ule ni mwili wa ajabu. Ni kazi nyingine tu.

Bruce Lee alikuwa na msingi wa Wing Chun kutoka kwa Ip Man kabla ya kuuacha. Baada ya pambano lake na Wong Jack Man kule Oakland mwaka 1964 aliukagua upya mtindo wake na pumzi zake, na 1967 akaipa njia yake jina la Jeet Kune Do. Na hakuwa wa kwanza. Wang Xiangzhai, aliyezaliwa 1885, alitoka ndani ya xingyi, akafuta fomu zote, akabakisha kusimama, miondoko michache na kujaribiana na watu. Kwa hiyo wazo la kuacha fomu halikutoka nje ya China.

Lakini mtazame mtu wa sanda anapodaka teke. Anabana mguu chini ya kwapa, anaingia, anafagia mguu uliobaki, kiuno kinageuka. Mwendo huo umo ndani ya fomu kadhaa za kale. Tofauti ni kwamba yeye amekitoa kipande kimoja, akakirudia kwa watu wanaokataa mpaka kikawa chake. Ndicho ninachokililia tangu juu. Kwa anayetaka ulingo, kocha ameshamchagulia vipande. Kwa anayetaka mtindo wake uendelee kuwa hai, kazi ya kuchagua ni yake na mwalimu wake, na hiyo kazi haifanyiki.

Wanaofanya kwa ajili ya afya waendelee kwa amani, hawamo kwenye mjadala huu. Ile fomu fupi ya taiji ya miondoko 24 ya mwaka 1956 ilitengenezwa kwa ajili ya umma na imewafaa watu wengi.

---

Mwanafunzi_Mpya

Samahani wakubwa, mimi ndiyo naanza. Mwalimu wetu hataki tuguse sparingi mpaka tumalize fomu tano. Nimvumilie au nihame? Na kama nina rafiki wa kufanya naye pembeni, tuanzie wapi?

---

Mzizi_Imara

Mdogo wangu, kwanza muulize mwalimu kwa heshima: "Sifu, huu mwendo mtu akinishika au akinipiga unatumikaje? Naomba unifanyie mimi." Anayejua atafurahi, atakushika mkono na utajua kwa mwili wako. Akikuambia utaelewa ukishakomaa, na wanafunzi wake wa miaka mingi nao hawawezi kukuonyesha, hapo amua mwenyewe.

Kuhusu rafiki, chagueni mwendo mmoja tu. Mmoja. Rafiki akupe shambulio linalojulikana, polepole, na wewe utafute mahali pa mguu na kiuno. Msikimbilie kasi. Mkiona unakaa, shambulio libaki lile lile ila asikuambie lini linakuja. Hapo utagundua kwamba nusu ya ulichokijua kimepotea, usikate tamaa, ndiyo hatua yenyewe. Kisha awe na machaguo mawili: ngumi ya mkono wa mbele au kukuingilia kiunoni, nawe utumie mwendo wako pale tu unapofaa na pale usipofaa ukwepe. Kujua wakati usiofaa ni nusu ya mbinu. Baada ya hapo aanze kukataa: unapomvuta naye avute, unapoingiza mguu aondoe wake. Mbinu yako itaharibika tena. Utajikuta unaifanya kidogo tofauti na ilivyo kwenye fomu, hatua fupi zaidi, mkono wa chini zaidi. Acha iwe hivyo.

Mwisho vaeni glavu kubwa, za aunsi 16, na kinga ya meno, yeye awe huru kufanya lolote kwa nguvu ndogo, wewe lengo lako liwe kuupata mwendo ule. Ukiupata mara chache katika raundi kadhaa, umeshatoa kitu ghalani. Kichwa kikigongwa mpaka ukaona giza, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha, hakuna mjadala.

Kisha rudi kwenye fomu yako uifanye polepole. Utaona sehemu ambazo mkono wako ulikuwa unapita mahali ambapo hakuna mtu.

---

Mwanafunzi_Mpya

Asante sana mkuu. Tutaanza na hiyo ya manyoya ya farasi, nitaleta mrejesho.

---

Mwana_Judo

Dogo, kabla ya hiyo, rafiki yako ajifunze kuanguka kwanza, na wewe pia. Mwendo ule unamtupa mtu chali. Juu ya mkeka, kidevu kimebanwa kifuani, mikono inapiga mkeka pembeni ya mwili na isitangulie nyuma kujizuia, maana kifundo kitavunjika. Mkizoea kuanguka, ndipo mtaweza kuangushana kwa nguvu bila kuoneana huruma.

---

Mzizi_Imara

Zingatia hilo la Mwana_Judo kabla ya yote niliyoandika mimi. Na mrejesho ukileta, tueleze hasa rafiki alipoanza kukataa mlibadilisha nini.